Manyoya ya Meja

Jumapili, 2 Machi 2025

Baba alifika jana. Mdogo wangu Mukhisa ndiye aliyemleta na pick-up — Baba mbele na begi moja, mbwa nyuma kwa kamba. Ndugu yangu alikunywa chai akiwa amesimama, funguo mkononi.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikasahau na mimi. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, Baba alitoka kwake Myanga bila kumwambia mtu. Akafika Bungoma mjini, akasimama mbele ya duka la Tarlochan akingoja lifunguliwe. Amevaa lile koti lake la khaki la stoo. Tarlochan mwenyewe amekufa miaka tisa sasa, na Baba alistaafu kabla ya hapo. Alisimama juani tangu saa moja asubuhi hadi saa nane, mpaka mtu akamtambua na kumpigia Mukhisa simu.

Hawezi kukaa peke yake tena. Mwenye nafasi ni mimi. Tangu binti yangu aolewe Nakuru, nyumba hii ya Kibomet ni mimi na cherehani tu.

Lakini bila mbwa hakukubali kuondoka. Mukhisa anasema alishika mlango wa gari karibu saa nzima. "Bila huyu siendi. Huyu ni wa kazini." Basi mbwa akapakiwa.

Anaitwa Meja. Mkubwa, rangi ya udongo mwekundu, mgongo mweusi, masikio ya kusimama. Miaka saba. Mama yake na bibi yake walizaliwa nyuma ya duka la Tarlochan, huko Baba alikofanya kazi miaka thelathini na moja. Sijakaa na mbwa ndani ya nyumba tangu nitoke kwetu.

Usiku alilala kwenye mlango wa Baba. Baba naye akalala vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Manyoya. Sijui niandike nini kingine.

Kwenye kiti. Kwenye sweta la Baba, kwenye sabuni, juu ya uji. Leo cherehani ilianza kukata uzi, nikafungua chini nikakuta bobini imezungukwa na pamba ya kijivu. Si pamba. Nimefagia mara tatu. Nikimaliza upande huu, upande ule umeanza.

Na kazi niliyo nayo! Majoho kumi na manane ya kwaya, ya Pasaka. Kitambaa cheusi. Kitambaa cheusi hakifichi kitu.

Nilimuuliza Baba kama Myanga ilikuwa hivi pia. Akanitazama kwa upole.

"Mbwa ni manyoya," alisema. Akaendelea na chai yake.

Ijumaa, 7 Machi

Chepngeno, mwalimu wa kwaya, alikuja kujaribu joho la kwanza. Limemkaa vizuri. Aligeuka mbele ya kioo, akafurahi, halafu akatoa unyoya mmoja kwenye kola, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatoa wa pili. Wa tatu akauacha.

"Nelima, mimi mwenyewe sina neno," alisema. "Lakini nina waimbaji wawili wana pumu." Alisema kwa sauti ya chini ili Baba asisikie. Heri angenigombeza.

Jioni Mukhisa akapiga simu. Ati kuna mtu wa Sirisia ana posho mill, mashine ya kusaga unga, anatafuta mbwa mkubwa wa kulinda. Yuko tayari kumchukua hata kesho.

"Na Baba?"

"Mzee atasahau. Si anasahau kila kitu, bana?"

Nilimwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi nifikirie. Nilikuwa nimesimama dirishani. Baba alikuwa barazani, ametoa kiatu, mguu ameuweka juu ya mgongo wa Meja kama mtu anayeota moto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeharibu. Jumamosi nilimwosha Meja kwa sabuni ya unga ya kufulia, maji ya moto kidogo, nikamsugua mpaka povu likawa jeusi. Nilijua nikimwosha vizuri yatatoka yote siku moja yaishe.

Leo yanatoka maradufu, na chini yake kuna mba kama unga wa mahindi. Anajikuna mpaka mlango unatikisika. Kwenye simu nimesoma ati watu huwanyoa. Nikampigia kinyozi wa hapo stendi. Alicheka mpaka nikakata simu.

Baba alipomwona akijikuna aligeuka mtu mwingine. "Nani ameosha mbwa wa watu kama gunia?" Sauti ile ya stoo, ya kuita wapakiaji. Ni maneno yake marefu kuliko yote tangu afike. Nikajibu ni mimi. "Basi wewe hujafundishwa," akasema, na akaenda kulala saa kumi mchana.

Kweli sijafundishwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka Bungoma sasa hivi, miguu imevimba lakini lazima niandike.

Nilienda kuchukua kadi ya hospitali ya Baba na masweta yake. Chepngeno alikubali kushinda naye, na kazi yake ya kufuma. Nilipitia Kimilili, nikafika Myanga saa nne. Nyumba ya Baba imeshaanza kunuka nyumba isiyo na mtu. Kwenye kiti chake kuna alama ya mbwa upande mmoja, manyoya yamejikandika kama mkeka. Sikuyatoa. Sijui kwa nini.

Kisha nikasema nipite dukani mjini. Miaka mingapi sijaingia pale! Rafu zilezile za mbao. Harufu ileile — kamba za katani, misumari mipya, blanketi ambazo hazijafunguliwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo harufu ya Baba. Kumbe ilikuwa ya duka, yeye alikuwa anaibeba tu jioni na kutuletea.

Neelam, binti wa Tarlochan, yuko kwenye kaunta ya baba yake. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitazama kidogo tu.

"Wewe ni Nelima. Usiniambie. Hiyo uso ni ya baba yako, Mukhwana, kabisa."

Akaagiza chai ya tangawizi, akanikalisha juu ya marobota ya blanketi kama zamani. Kabla sijauliza chochote akaanza yeye.

"Ile Jumapili mimi nilikuwa Nairobi, harusi. Watu waliniambia Jumatatu. Nelima, kama mimi ningekuwa hapa ningefungua mlango. Angeingia stoo, angepanga misumari yake, angechoka, angeenda nyumbani. Si ni hiyo tu alikuwa anataka?"

Halafu akauliza habari za mbwa, nikamweleza — cherehani, majoho, sabuni. Aliposikia sabuni ya unga alishika kichwa.

"Hawa mbwa wana koti mbili," alisema. "La juu ni refu, gumu, hilo ni la mvua na jua. La chini ni laini kama pamba. Hilo la chini ndilo linakusumbua. Ulaya linatoka kwa msimu, likiisha limeisha. Huku kwetu baridi si ya maana, kwa hivyo linatoka kidogo kidogo mwaka mzima. Na kiangazi kikigeuka mvua, kama sasa, linatoka kwa debe. Huwezi kulizuia. Wewe litoe tu, nje, kabla halijaanguka lenyewe ndani."

"Nimnyoe?"

"Usithubutu. Jua litamchoma, na yatarudi vibaya. Brashi, Nelima. Na usimwoshe tena mpaka ngozi itulie. Unampa nini?"

"Ugali."

"Ugali na nini?"

Akasema nimtilie omena na mafuta kidogo, ngozi ya mbwa inakula kwanza ndipo inashika manyoya.

Akaingia nyuma, akarudi na brashi. Kubwa, ya mbao, meno ya waya yaliyopinda nchani. Mpini umelika upande mmoja, umekuwa na shimo la kidole gumba.

"Ilikuwa ya Papa-ji," alisema, ndivyo amwitavyo baba yake. "Lakini hilo shimo si la Papa-ji. Ni la baba yako."

Njia nzima nimekuja nimeweka gumba langu mle. Linabaki nafasi.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimpa brashi baada ya chai. Nilimwekea mkononi.

Hakuuliza imetoka wapi. Aliinuka, akashuka kwenye nyasi, akapiga paja mara mbili. Meja akaenda akasimama mbele yake, ubavu ubavu, kama askari. Baba akaangalia upepo unakotoka, akamgeuza. Akaanzia nyuma, kwenye mapaja. Mkono wa kushoto unagawa manyoya ya juu, wa kulia unavuta ya chini, taratibu, kwa kufuata yanakolala. Hakuvuta kinyume hata mara moja. Pamba ya kijivu ikawa inatoka vifungu vifungu, akaivua kwenye meno, akaiweka chini ya jiwe isipeperuke. Mwishowe kulikuwa na fungu kubwa kama paka.

Na akaongea.

Alianza na mbwa wa zamani, Rani, bibi wa mabibi wa Meja. "Rani alikuwa mgumu. Huyu mpole." Halafu akasema hivi, naandika kama nilivyosikia:

"Sellah alikuja kununua blanketi la mama yake. Kutoka Sirisia, kwa miguu. Blanketi nyeusi. Nikamtandikia kwenye kaunta aione. Nilipogeuka kuchukua kamba, Rani amelala juu yake. Manyoya kila mahali. Tarlochan akafoka: Mukhwana, safisha! Nikamwambia yule msichana, rudi kesho itakuwa safi. Ningeisafisha kwa dakika kumi. Nilimwambia kesho. Akarudi kesho."

Sellah ni mama yangu. Miaka kumi na miwili tumemzika na sijawahi kusikia habari hii. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikiwa na pini mdomoni, nimesahau kuzitoa.

Jumapili, 16 Machi

Manyoya yamepungua. Hayajaisha — Neelam alisema hayaishi — lakini nimefungua bobini leo, safi.

Nimetundika pazia la zamani kati ya chumba cha kushonea na ukumbi. Majoho yaliyokamilika nayafunika kwa shuka. Asubuhi Baba anampiga Meja brashi kwenye nyasi, kabla sijafungua madirisha ya upande ule. Na kwenye viti nimekumbuka namna ya Mama. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa anatia mkono kwenye maji, anaukung'uta, kisha anaupitisha kwenye koti la Baba toka bega hadi chini, mara moja, bila kuinua. Manyoya yanajikusanya yenyewe kuwa uzi. Baba anasimama ameinua mikono kama anakamatwa. Sisi tunacheka. Mama hacheki, anachelewa kanisani.

Nimefanya hivyo kwenye kochi. Mkono umejua wenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Leo Baba amesema habari za reli. Behewa la misumari lililofika Bungoma limefunguka mlango, na misumari imemwagika njia nzima toka Webuye. Alicheka peke yake.

Meja anakula omena kama amefunguliwa jela. Mba imekwisha.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempigia Mukhisa. Nimemwambia amweleze mtu wa Sirisia atafute mbwa mwingine.

"Wewe ndiye unafagia," alisema.

Nikamwambia Baba anaongea. Kila asubuhi, akishika brashi. Nilimsimulia blanketi. "Sikuwahi kuambiwa," alisema.

Jumatano, 26 Machi

Majoho kumi na mawili tayari. Chepngeno ameyakagua moja moja kwenye dirisha, amevaa miwani. Hakupata unyoya hata mmoja. Amemletea Baba ndizi mbivu. Baba akampa Meja moja.

Nimefurahi leo. Naandika hivyo tu, ili nikisoma siku nyingine nijue ilikuwako.

Alhamisi, 27 Machi

Kuna kitu kwa Meja. Nilikuwa nampapasa tu, nikagusa ngozi. Ubavu wa kushoto karibu na paja, mahali pa ukubwa wa kiganja, hapana manyoya kabisa. Pekundu, pana unyevu. Shingoni kuna pengine padogo. Nilipopagusa alinitazama, hakulia.

Nimeogopa. Baba analala naye karibu. Kama ni ukurutu? Kama inaambukiza?

Ijumaa, 28 Machi

Daktari wa mifugo amekuja nyumbani. Anaitwa Cherop, mama mdogo mdogo mwenye buti kubwa. Baba alikuwa amelala.

Alichukua muda. Alitafuta viroboto kwa kitana, hakuna. Akakwangua ngozi kidogo, akaiweka kwenye kioo, akaitazama kwa mashine yake ndani ya gari. Hakuna utitiri.

"Manyoya yakinyonyoka yenyewe hayaachi ngozi uchi," aliniambia. "Yanatoka kila mahali sawasawa, mengine yanakuja nyuma yake. Ukiona ngozi, ujue kuna kitu. Ama mdudu, ama ugonjwa, ama anajikuna, ama anakwaruzwa. Huyu anakwaruzwa. Mnampiga brashi?"

"Ndiyo. Asubuhi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akafungasha vitu vyake. "Una hakika, mama?"

Nikasema nina hakika.

Jumamosi, 29 Machi

Leo sikushona. Nilivuta kiti dirishani, nikajifanya natia vifungo.

Baba alitoka baada ya chai, akatungua brashi kwenye msumari, akampiga Meja. Hiyo ndiyo mara ninayoijua mimi. Alipomaliza akaitundika, akaingia ndani, akanawa mikono.

Hazijapita dakika ishirini akatoka tena. Akaona brashi. Akaitazama kama mtu aliyekumbuka jambo zuri. Akashuka, akapiga paja mara mbili.

Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa mara nne. Kufikia saa kumi na moja, mara saba.

Kila mara anaanzia mapaja. Kila mara anaangalia upepo. Na kila mara anasimulia — nilifungua dirisha nikasikia. Sellah alikuja kununua blanketi. Neno kwa neno, hata "akarudi kesho" anaisema kwa sauti ileile.

Na Meja! Anaposikia paja linapigwa anainuka, anaenda, anasimama ubavu. Brashi ikifika pale penye kidonda ngozi yote inamtetemeka mpaka mkiani. Hasogei. Hata sauti hatoi. Anatazama mbele tu mpaka hadithi iishe.

Mimi nimeisikia mara moja, nikaandika, nikafurahi, nikarudi kwa cherehani. Yeye amekuwa akiisikiliza kutwa, kwa ngozi yake.

Jumapili, 30 Machi

Nimeificha brashi kwenye droo ya vifungo. Sikuenda kanisani.

Baba alitoka, akashika ule msumari mtupu. Akaupapasa. Akazunguka nyumba. Akarudi akaupapasa tena.

Jumanne, 1 Aprili

Siku mbaya.

Jana nilimpa brashi laini ya nguo, nikidhani itamtosha. Aliigeuza, akairudisha mezani. "Hii ni ya viatu." Aliniuliza mara tisa nani amechukua chombo cha kazi. Mara ya tisa akasema ni mimi, na kwamba atamwambia Tarlochan. Tangu hapo hakuniambia neno.

Leo saa sita nikasikia Meja akilia, mara ya kwanza tangu aje. Nikatoka mbio. Baba amechuchumaa kwenye nyasi anampitisha uma. Uma wa jikoni, wa kulia. Kidonda cha ubavu kimefunguka, damu imeshuka mpaka gotini. Na Baba anaendelea, taratibu, kwa kufuata manyoya yanakolala, machozi yanamtoka. Sijui kama ameiona damu. Sijui analia nini.

Nilichukua uma. Aliniachia bila kushindana. Hicho ndicho kilichoniumiza.

Cherop amekuja ameshona nyuzi tatu. Ngozi ipate wiki tatu bila kuguswa na kitu chochote, la sivyo itaoza. Amenishauri nimfunge mbali. Nimemfunga nyuma ya nyumba kwenye mparachichi, na Baba ameenda kumfungua mara mbili kabla ya jua kushuka.

Nimempigia Mukhisa. Hakunilaumu. Atakuja Jumamosi saa nne na pick-up. Yule wa Sirisia bado hajapata mbwa. "Na akishapona," alisema, "si afadhali abaki huko tu, dada?"

Sikukubali wala sikukataa. Nilisema, njoo Jumamosi.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba hasemi. Anakula akiwekewa. Blanketi, Rani, reli, vyote vimekwenda. Nimejaribu kumwanzishia mwenyewe: "Sellah alikuja kununua blanketi..." Alinisikiliza kwa heshima, kama mgeni anayesimuliwa habari za watu asiowajua.

Nimemaliza joho la kumi na nane.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia kesho Meja anaondoka.

"Kazini?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, kazini.

"Sawa," akasema. Akaangalia mikono yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, nyasi zimelowa. Meja amekula omena yote, kamba yake nimeiosha. Majoho yamekunjwa mezani. Kilemba nimekivua, maana kichwa kinaniuma tangu jana. Nimekaa barazani na daftari hili nikimngoja Mukhisa.

Baba ametoka sasa hivi. Ameshika chanuo langu la chumbani.

Nilidhani anamtafuta Meja, nikaanza kuinuka nimzuie. Akaniwekea mkono begani.

"Kaa. Kengele italia kabla sijamaliza."

Nimekaa. Naandika nikiwa nimekaa, daftari kwenye goti, yeye nyuma yangu.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mama alikuwa amelazwa kwa ajili ya Mukhisa, wiki nyingi, na Baba ndiye aliyekuwa akinichana kila asubuhi kabla ya kwenda stoo. Miaka arobaini sijaliwaza jambo hili hata siku moja. Ngozi ya kichwa imekumbuka kabla yangu.

Anaanzia kisogoni. Mkono wa kushoto unagawa, unashika shina zisivute, wa kulia unachana. Zinazotoka anazivua kwenye meno ya chanuo. Amenipa fungu la kwanza nishike. Karibu zote nyeupe.

"Tumepata kijana," amesema. Ni neno lake la kwanza tangu aanze kunichana. "Nimeenda kumwona. Mzito, kama robota. Alinishika kidole, nikashindwa kukitoa. Nimechelewa kazini kwa sababu yake."

Sijui ananichana kama nani. Sijamuuliza. Chanuo linafika penye maumivu na kupita. Najua akimaliza atasahau, atakunywa maji, atarudi nalo tena. Mara ya pili, ya tano, ya saba. Kichwa ni changu. Nina nywele za kutosha.

Honi getini. Ni pick-up. Huko nyuma Meja amebweka mara moja.

"Nani huyo?" Baba ameuliza.

"Ni Mukhisa, Baba."

Honi tena. Sasa ananiita kwa jina, anasema funguo, dada, leta funguo. Funguo ziko mfukoni mwangu. Nimeinua kichwa kidogo, na Baba amekirudisha mahali pake kwa vidole viwili.

"Angoje," amesema. "Bado upande wa kushoto."